Mtoto na Jirani Mkali

Neno ninalotaka tulifikiri mwezi huu huonekana dogo, lakini lina uzito. Ni hili: Mtoto hujifunza wapi ushujaa, na huruma hujifunza wapi? Wengi hudhani ya kuwa ushujaa hujifunzwa machungani, na huruma hujifunzwa kanisani. Mimi naona kwamba mara nyingi yote mawili hujifunzwa mahali pamoja, yaani mlangoni pa jirani mzee asiyependeza.

Tutazame Itumba, makao ya wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, karibu na mpaka wa Malawi. Nchi hii ni ya milima, na baridi yake twaijua. Ukungu ukishuka, kikongwe hawezi kuachana na moto wake. Hukaa penye mafiga, katika nyumba yenye dirisha dogo, naye amezoea moshi wa kuni tangu ujana wake. Basi, si ajabu macho yake yakiwa mekundu. Tena masikio yamekuwa mazito, kwa hiyo husema kwa kelele. Viungo vyamwuma, kwa hiyo ni mwepesi wa hasira. Wazee wengine hupatwa na ugonjwa wa kusahau, hata hunena peke yao, na kuwashtaki majirani kwamba wameiba kitu ambacho wao wenyewe wamekiweka.

Watoto huyaona hayo yote, wala hawajui sababu. Wakiuliza nyumbani, mara nyingi hujibiwa kwa kunong'onezwa: "Usipite pale." Neno hilo ni fupi, lakini latosha kumfanya mtu aitwe mchawi. Nasi twajua mwisho wake. Katika miaka ya 1990 na 2000, huko Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi, hasa wanawake, waliuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu. Tukumbuke ya kuwa wale walioshika mapanga nao walikuwa watoto zamani.

Tuseme, basi, kwamba mama mmoja amtuma mwanawe apeleke mzigo wa kuni kwa bibi wa namna hiyo. Siku ya kwanza mtoto atetemeka, aamkia "Shikamoo" kwa sauti ndogo, naye bibi amkaripia kwamba kuni ni mbichi. Mtoto akimbia. Mama hamcheki, wala hamwambii kwamba hakuna la kuogopa. Amchagulia kuni kavu, na siku ya pili afuatana naye. Siku ya tatu mtoto aingia ndani, ainama kuchochea moto. Moshi wamwingia machoni, machozi yamtoka. Arudipo nyumbani ndugu zake wamcheka, wakisema, "Tazameni, macho yako ni mekundu kama ya bibi!" Hapo mtoto amejua jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Ushujaa si kutokuwa na hofu, maana asiyeogopa hana haja ya ushujaa. Lakini ushujaa usio na huruma ni hatari: kijana atupaye jiwe juu ya paa la kikongwe, ili wenzake wamsifu, naye hujidhani shujaa. Vivyo hivyo huruma isiyo na ushujaa husimama njiani, husema "Pole, bibi," kisha hupita.

Labda mtu atauliza, "Je, nimpeleke mtoto wangu kwa mtu wa matusi?" Swali ni la haki. Maneno makali ni jambo moja, na kumdhuru mtoto ni jambo jingine. Penye madhara mzazi amwondoe mtoto upesi. Kwa sababu hiyo yampasa mzazi atangulie mwenyewe. Tena, asimwahidi mtoto kwamba atashukuriwa. Huenda bibi asibadilike kamwe, akafa akiwa mkali vile vile. Kuni zilimfaa hata hivyo, kwa maana alisikia baridi.

Ninyi waalimu wa katekisimo mwafundisha amri ya nane. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alieleza kwamba haitoshi kuacha kumsingizia jirani, bali yatupasa kumtetea na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Watoto huyakariri maelezo hayo vizuri. Lakini je, wamemwona mmoja wetu akiyatenda, penye watu wanaonong'ona?

Basi, kila mmoja wetu na aifikiri nyumba ile kijijini kwake ambayo watoto huipita mbio. Kisha ajiulize: Ni nani aliyewafundisha kukimbia?