Jirani wa Majini

Mwenye nyumba wangu hapa Bwaise ni bibi wa Kiganda, nasi wapangaji twamwita Jjajja. Akimwelekeza mteja wangu kwa fundi cherehani mwingine hataji barabara. Husema emitala, ng'ambo ya kinamasi cha Lubigi, ingawa leo mtu huvuka huko kwa bodaboda bila kulowa kidole.

Mutala kwa Kiganda ni kilima kizima, kuanzia kileleni, kupitia migombani, mpaka mafunjo yanapoanza. Ni kijiji pia, kwa kuwa watu wa mteremko mmoja walihesabiwa pamoja. Na emitala ni upande wa pili wa maji: emitala w'amayanja ndiko wanakokwenda vijana wetu kutafuta kazi, Dubai na kwingineko. Mswahili haoni ajabu. Pale Unguja mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe ulifukiwa zamani, lakini Ng'ambo bado ni Ng'ambo, na sokoni Darajani hakuna daraja.

Kisha huku Buganda ukaja Mkataba wa 1900 na ardhi ya mailo. Wakubwa wa Buganda waligawiwa maili za mraba, misheni tatu zikapata 92. Tofauti na mutala, maili haijui maji yanaelekea wapi. Vinamasi, kwa Katiba ya 1995, serikali inavishika kama amana ya wananchi, na amana kwetu Waislamu ni neno la kutisha: utaulizwa. Hata hivyo malori ya kifusi huja kuvifukia. Chumba ninachoshonea kimesimama juu ya kifusi hicho, na mvua ikinyesha napandisha cherehani mezani.

Sehemu ya maji yanayoniingilia hutoka kilima cha Makerere. Juu kule kuna msikiti na makanisa mawili, la Waanglikana na la Wakatoliki, na mapaa yao yote humwaga bila kubagua dini. Nilimuuliza imamu wetu: je, sisi wa huku chini ni majirani zao? Akanikumbusha kwamba Jibrili alimuusia Mtume kuhusu jirani hadi Mtume akadhani jirani atapewa urithi. Akaongeza kuwa wapo wanazuoni waliohesabu ujirani nyumba arobaini kila upande.

Arobaini! Kutoka Makerere hadi kwangu, kwa jinsi watu walivyobanana, nyumba arobaini huishia kabla hujafika nusu ya mteremko. Namheshimu imamu, lakini hapa naona Waganda wa kale walikuwa na kipimo bora cha ujirani. Mutala haukuhesabu milango. Ulifuata maji yanakoteremkia, na aliye juu na aliye chini wakawa kijiji kimoja, wapendane wasipendane. Kwa kipimo hicho nina haki ya kudai, na nadai: kabla ya kuchangisha kwa ajili ya mnara au kengele mpya, wa kilimani wanunue matangi ya kukinga maji ya mapaa yao. Imamu kasema hilo nimwandikie, atalipeleka juu. Kwa Kiswahili au Kiganda, akauliza. Nikamwambia kwa vyote viwili.