Kiti Kitupu Mpeni Mzee

Nina neno kwenu vijana wa Mtera na wa barabara yote ya Dodoma hadi Iringa: madereva, makonda, vijana wa bodaboda, na ninyi watoto wetu mliohamia mjini mnaotukumbuka kwa kututumia pesa kwenye simu. Neno lenyewe ni fupi. Gari likipita na kiti kitupu, mpandisheni mzee bure. Sababu zake ndizo ndefu, na ninawaomba mnivumilie nizieleze.

Kwanza mtujue sisi wazee tunavyosafiri. Alfajiri mzee hagombanii mlango wa gari. Saa hizo ni za wenye haraka: wachuuzi wa samaki wa bwawa la Mtera na ndoo zao, watumishi, wanafunzi wa bweni siku za kufungua shule. Sisi tunasubiri. Jua likishapanda, kuanzia saa nne, utatukuta chini ya mti kando ya lami, kikapu miguuni, fimbo mkononi, noti mbili tatu zimefungwa kwenye pindo la khanga. Mzee hapungii mkono kila gari. Anajua lipi ni la Mbeya au Arusha lisilotaka abiria wa karibu, na lipi dereva wake ana huruma. Akipata gari, hukaa karibu na mlango kwa sababu ya magoti, halafu husalimia gari zima. Atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Kabla gari halijafika Fufu, ameshajua nani amefariki, nani ameozesha, mvua imenyesha wapi na mtama umekubali wapi.

Msione ni porojo. Hizo habari ndizo zinazomweka mzee miongoni mwa watu. Mzee asiyetoka nyumbani hukosa la kusimulia, na asiye na la kusimulia huacha kuulizwa. Akishaacha kuulizwa, huanza kunyamaza hata mbele ya wajukuu zake. Wahenga walisema kutembea kwingi ni kuona mengi, wala hawakusema kwamba ukifika miaka 60 inatosha.

Sasa sikilizeni kinachomzuia asitoke. Serikali yetu ilipitisha Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Sera hiyo inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inaelekeza kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Ni jambo jema. Halmashauri zimetoa vitambulisho vya wazee, na hospitalini tumeona matangazo yanayowataka watu wampe mzee kipaumbele. Lakini dawa ya bure ipo Dodoma, na mzee yupo Mtera. Daktari wa macho yupo hospitali ya Mvumi, na mwenye mtoto wa jicho yupo huku bondeni. Kati ya mgonjwa mwenye kitambulisho na dawa yake kuna nauli, na nauli haina msamaha.

Tuihesabu. LATRA, mamlaka inayopanga nauli za mabasi, ilipotangaza viwango vipya mwishoni mwa mwaka 2023, basi la daraja la kawaida la kwenda mikoani kwenye lami lilipangiwa Sh 48.47 kwa kila kilomita. Kilomita 100 peke yake ni karibu Sh 4,850, na kutoka hapa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya hapo. Kwenda na kurudi, elfu kumi imekwisha na bado hujanunua hata chai. Wenzetu wa Zanzibar walipoanza kutoa Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70, kiwango kilikuwa Sh 20,000 kwa mwezi, kabla ya kupandishwa baadaye. Kenya nao mwaka 2018 walianza kuwapa wazee wao wa miaka 70 shilingi 2,000 za kwao kila mwezi. Huku bara, mkulima aliyepiga jembe maisha yake yote hana pensheni ya kumfikia kwa sababu ya umri tu. Kuna kaya zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, lakini si kila mzee yumo. Kwa mtu wa namna hiyo, elfu kumi ya basi ni debe la mahindi.

Ndiyo maana mzee hujifunza kufunga safari nyingi katika nauli moja. Jicho linaanza kumsumbua mwezi wa tatu, naye husubiri harusi ya mwezi wa sita ili apitie hospitali siku hiyohiyo, amwone na mjukuu aliyezaliwa, anunue na dawa ya mifugo. Tarehe ya kliniki ya presha ikiangukia wiki isiyo na msiba wala mnada, huiacha ipite. Kwenye daftari la nesi huandikwa kwamba hakufika. Haiandikwi kwamba gari lilipita mbele yake likiwa na viti vitupu.

Zamani hapa palikuwa na shida nyingine. Kabla ya lami, njia hii ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na milima ya Nyang'oro ilipandwa roho mkononi. Leo tuna kilomita 260 za lami kutoka Dodoma hadi Iringa, na tunashukuru. Lakini gari lililokuwa likitambaa lilisimama kila kijiji, na linalokimbia halisimami. Lami imempunguzia kijana saa za safari. Mzee wa katikati ya njia imemwachia upepo wa basi.

Zipo nchi zilizolitafutia jambo hili dawa. Uingereza wazee wana kadi ya kupandia basi bure. Wales walianza mwaka 2002, Scotland mwaka 2006, na tangu tarehe 1 Aprili 2008 kadi ya mzee wa England inamvusha kwenye mabasi ya kawaida popote ndani ya England. Sharti la England ni la busara: siku za kazi kadi inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi, wafanyakazi na wanafunzi wakishafika waendako, hadi saa tano usiku. Mwisho wa wiki na sikukuu haina mpaka wa saa. Mwenye basi hadhulumiwi, kwa kuwa mamlaka za serikali za mitaa humlipa fidia ya abiria hao. Basi wazee wa huko nao wamejenga desturi zao: hujikusanya kituoni dakika chache kabla ya saa yao, huenda sokoni mji wa jirani, humtembelea rafiki, wengine hupanda hadi mwisho wa njia na kurudi ili tu waone watu. Utafiti wa Imperial College London uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wenye kadi hiyo walitembea kwa miguu zaidi kuliko wasio nayo. Haishangazi, maana lazima utoke nyumbani ukalifuate basi. Waswahili wenzetu waliozeekea London wanaijua neema hiyo.

Mtaniambia, babu, Uingereza ina fedha. Kweli inazo. Lakini angalieni bwawa letu. Maji yakishazungusha mitambo ya Mtera, ambayo tangu mwaka 1988 ina uwezo wa megawati 80, yanateremka na mto Ruaha Mkuu hadi Kidatu na kuzungusha mitambo ya megawati 204. Ni maji yaleyale, yanatoa umeme mara mbili. Safari ya gari ni hivyo pia. Mafuta yameshanunuliwa, dereva ameshalipwa, ushuru wa stendi umeshatolewa. Kiti kikienda kitupu saa sita mchana hakimwingizii mtu hata senti. Kikimbeba mzee, safari ileile iliyokwisha kulipiwa inazaa faida ya pili.

Kwa hiyo, wewe konda, nakuusia hivi. Saa za msongamano ni za wenye kulipa, wala sikuombi umshushe mtu. Gari likilegea, tenga kiti kimoja. Simamisha gari kabisa, usimwambie mzee atangulize mguu wa kushoto huku magurudumu yanazunguka. Mpe mkono. Mwambie mapema, kwa sauti ya chini, kwamba leo hatoi kitu, ili asikae safari nzima akipapasa pindo la khanga kwa wasiwasi. Usimkalishe kwenye kigoda katikati ya njia, usimwekee gunia miguuni. Mshushe anaposhukia, usimpitilize kilomita mbili kwa sababu mteremko ulikuwa mzuri. Na kabla ya yote hayo sema shikamoo. Haikugharimu kitu, nayo humfanya mzee ajue amepanda gari la watu wenye wazazi.

Najua una hesabu ya tajiri, na jioni usipoifikisha utalaumiwa wewe. Basi zungumza na tajiri wako mapema, umwambie wazi: kiti kimoja, saa za mchana, kisiingie kwenye hesabu. Wenye magari wengi wana mama zao vijijini, wataelewa wakielezwa kwa adabu. Na wewe tajiri unayesoma haya, usingoje kijana wako akuombe. Mwambie wewe.

Vijana wa bodaboda, safari ya mzee haiishii kwenye lami. Kutoka barabarani hadi nyumbani kwake kuna mchanga, makorongo na jua la Mtera mnalolijua. Unaporudi kijiweni bila abiria ukamwona mzee na fimbo yake, simama. Mwendo uwe wa pole, kofia ngumu mvalishe yeye pia. Usimwache njia panda eti ndani hapapitiki, maana yeye atapapita kwa miguu.

Sasa ninyi watoto wetu mlioko mjini. Tunawashukuru kwa pesa za simu, zinanunua unga na sabuni. Lakini tangu pesa zianze kusafiri zenyewe, sisi tumeacha kusafiri. Zamani mzee alikuwa na sababu ya kuja kwako, au wewe kuja kwake. Leo ujumbe unalia, wakala anatoa noti, shughuli imekwisha. Tengeni nauli mbali na matumizi, na mseme waziwazi kwamba hii ni ya kuja kututembelea. Na mzazi akija, mkampokee. Stendi kuu ya Dodoma sasa ipo Nanenane na ya Iringa ipo Igumbilo, zote nje ya katikati ya mji. Mtu mwenye macho hafifu akishushwa pale katikati ya wapiga debe hajui ashike daladala ipi. Kumwambia achukue bajaji si kumpokea. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni huyu ndiye aliyekulea.

Wazee wenzangu nao nisiwaache. Tukipewa kiti cha bure, tuheshimu saa zake. Tusidai kupanda alfajiri wakati mchuuzi anawahi soko na mtoto anawahi shule. Mama mjamzito akiingia tumpishe tunaoweza kusimama. Kitambulisho kiwe mfukoni, kauli iwe ya shukrani. Kijana aliyetendewa vizuri na mzee mmoja atawabeba kumi baada yake.

Mwisho nawaambia wote: msisubiri sheria ndipo mtende wema, lakini msiache kuidai. Mwanafunzi ana nauli yake iliyopangwa. Makonda walinung'unika na bado wananung'unika, ila watoto wanafika shule. Mzee naye apangiwe yake, bure au nusu, kwa saa ambazo magari yana nafasi, na halmashauri itafute namna ya kuwafidia wenye magari. LATRA hukusanya maoni ya wadau kabla ya kupanga nauli. Nendeni mkaseme, ninyi mnaojua kusoma matangazo na kuandika barua. Lisemeni kwenye mikutano ya kijiji, mwulizeni diwani, mwulizeni mbunge anapokuja kuomba kura. Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, msituletee fulana na hotuba tu. Tuleteeni jibu la nauli.

Na wewe uliye na gari, hilo la sheria halikuhusu leo. Kesho saa nne, ukimkuta mzee chini ya mti na una kiti, simama.