Mlio wa Changarawe

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, shimo likijaa maji kazi imekufa. Ndiyo maana motopompi ya shimo moja ilipoanza kulia kama inatafuna changarawe, kijana aliyeiendesha aliongeza mafuta ili izunguke kasi zaidi. Mlio ukazidi, maji yakapungua. Walipoifungua hawakukuta hata punje ya mchanga. Pangaboi la ndani lilikuwa limeliwa vitobo vitobo, kama ubao uliopitiwa na mchwa. Wakanunua jingine. Halikumaliza mwezi.

"Papa, vyuma vya siku hizi ni bandia," kijana alimwambia fundi mzee.

Mzee hakuijibu hiyo. Alifunga jiwe kwenye kamba, akaishusha kutoka mashine ilipokaa hadi kwenye maji. Mita nane. "Mwanangu, wakati wa mvua zilikuwa ngapi?" Tatu. Kisha akavuta tuyo, bomba la kupandishia maji: krepini, chujio la mdomoni mwake, ilikuwa imevishwa gunia kuzuia tope, na tope limeligandia gunia lote.

Watu husema pampu inavuta maji. Sivyo. Pampu hupunguza mgandamizo ndani ya tuyo tu. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Nguvu ya hewa hiyo ina kikomo: pwani haivuki mita kumi hivi, na Misisi, iliyo juu kuliko Ziwa Tanganyika ambalo lenyewe liko mita 770 hivi juu ya bahari, haifiki hapo. Tuyo ndefu au krepini iliyoziba hupunguza tena. Ukizidisha, maji huchemka yakiwa baridi! Viputo vya mvuke huzaliwa, vikifika penye mgandamizo mkubwa hujifinya ghafla na kuchimba chuma. Hiyo ndiyo kavitesheni, na ndiyo ile changarawe. Kuongeza mafuta ni kuichochea.

Gunia likatolewa, krepini ikawekwa ndani ya pipa lililotobolewa. Tuyo ikafupishwa, ikanunuliwa nene zaidi. Mashine ikateremshwa kwenye ukingo ulio wazi, penye upepo.

"Tuishushe mpaka chini kabisa," kijana alisema.

"Hapana!" Mzee alimshika mkono. Moshi wa petroli ukijikusanya shimoni una sumu isiyo na harufu. Unaua watu kabla hawajajua. Huko chini ishuke pampu ya umeme ya kuzama, jenereta ibaki juu.

Kamba ile haikutupwa. Ina fundo kwenye mita sita, kikomo walichojiwekea, inaning'inia kwenye mpini wa mashine, na kila asubuhi kijana huishusha kwanza kabla ya kuwasha.