Tende Mbili na Fremu ya Chuma: Juu ya Kuchagua Kati ya Vinavyokaribiana

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa imeyarithi kutoka kwa wanazuoni wa Kiislamu wa zama za kati, machache hurudi katika maisha ya kawaida kwa wingi kama hili: mtu akiwekewa vitu viwili vinavyolingana kwa kila hali, je, anaweza kuchagua kimoja, na akikichagua, ni kitu gani kilichomwelekeza huko badala ya kule? Swali hilo huonekana la darasani tu mpaka mtu aingie sokoni kutafuta bidhaa ambayo watengenezaji wake wameitoa kwa aina nyingi zinazopishana kwa vipimo vidogo mno, na hapo ndipo hugundua kwamba kadiri anavyojua zaidi ndivyo anavyozidi kusita. Mfano unaolifaa swali hili vizuri, ijapokuwa wanazuoni hao hawangeutarajia, ni ule wa mtu anayetaka kununua baiskeli mpya ya mlima yenye fremu ya chuma na shokapu moja, kwa ajili ya kupita vijia vya kila namna, vya kupanda na kushuka, vya mawe na vya mizizi. Shokapu moja maana yake ni kwamba uma wa mbele peke yake ndio unaobonyea gurudumu linapogonga kikwazo, na gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye fremu isiyo na kiungo chochote cha kuchezacheza.

Baiskeli ya aina hii ina historia fupi. Katika miaka ya 1970, kwenye wilaya ya Marin katika jimbo la California, Marekani, kikundi cha vijana kilikuwa kikiteremka Mlima Tamalpais na vilima vya jirani kwa baiskeli nzito za chuma zilizotengenezwa miongo kadhaa kabla yao. Mteremko mmoja ukaitwa Repack, kwa kuwa breki ya nyuma, ile inayofungwa kwa kukanyaga pedeli kinyume, ilipata moto kiasi cha kuunguza grisi iliyomo ndani ya habu, na ilibidi habu hiyo ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alijenga fremu ya kwanza aliyoikusudia hasa kwa kazi hiyo, akitumia mabomba ya kromoli, yaani aloi ya chuma iliyotiwa kiasi kidogo cha kromi na molibdeni ili iwe na nguvu zaidi bila kuongezewa unene. Wakati huo hapakuwa na shokapu iliyobuniwa kwa kazi hiyo, si ya mbele wala ya nyuma, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kusemwa kuwa ameikataa. Shokapu za mbele zilienea katika miaka ya 1990, na za nyuma zikafuata. Jambo hili lina uzito wa kifalsafa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kuacha kitu hakuwi tendo la hiari mpaka kitu chenyewe kiwepo na kipatikane. Anayenunua leo baiskeli ya shokapu moja anafanya jambo ambalo vijana wa Marin hawakulifanya, hata kama baiskeli zote mbili zinafanana kwa mbali.

Je, anachagua nini hasa anaposema kwamba anataka chuma? Hapa tofauti ya kale aliyoiweka Aristotle kati ya maada na umbo, yaani kati ya kile ambacho kitu kimetengenezwa kwacho na mpangilio unaokifanya kiwe kitu hicho na si kingine, husaidia kuondoa imani moja iliyoenea mno miongoni mwa waendesha baiskeli. Inasemwa kwamba chuma ni laini kwa mwendeshaji, kwamba kinameza mitikisiko ambayo alumini huipeleka moja kwa moja mgongoni. Ukweli ni kwamba chuma, kipande kwa kipande cha ukubwa ule ule, ni kikakamavu kuliko alumini karibu mara tatu, na ni kizito kuliko alumini karibu mara tatu vilevile. Kinachoamua fremu ijisikieje ni umbo la mabomba yake: bomba jembamba likiongezwa kipenyo maradufu bila kubadilishwa unene wa ukuta wake, ukakamavu wake dhidi ya kupinda huongezeka karibu mara nane, na kwa kuwa fremu za alumini hutengenezwa kwa mabomba mapana, hutoka ngumu zaidi kuliko za chuma ambazo mabomba yake ni membamba. Juu ya hayo yote, tairi la upana wa inchi 2.5 lililojazwa upepo wa kiasi hubonyea kupita fremu yoyote ya pembetatu, iwe ya maada yoyote. Anayetafuta ulaini na auanzie kwenye pampu.

Lakini haifuati kwamba maada haina neno. Mhandisi Mjerumani August Wöhler, aliyechunguza ekseli za treni katikati ya karne ya 19, alionyesha kwamba metali inayopindwa kidogo mara nyingi huweza kukatika kwa mzigo ambao ingeubeba bila shida kama ungekuja mara moja tu, na hali hiyo ndiyo inayoitwa uchovu wa metali. Chuma kina kiwango ambacho mzigo ukiwa chini yake, marudio hayo hayakidhuru hata yakiendelea kwa muda mrefu sana, ilhali alumini haina kiwango hicho, na wabunifu wake hulazimika kuifidia kwa kuongeza maada. Tena chuma kwa kawaida hupinda kabla ya kukatika, na hivyo humwonya mwenyewe. Sababu hizi ni za kweli, ingawa nazo zina mipaka yake: ukuta wa bomba la kisasa la kromoli huwa chini ya milimita 1 katikati ya bomba, na fundi aliyezoea kuchomelea mageti anaweza kuutoboa kabla hajaanza kuuziba, na pale ambapo bomba lilipikwa kiwandani ili liongezwe nguvu, joto la kuchomelea huipunguza nguvu hiyo. Sifa ya chuma kwamba hutengenezeka popote ni kweli kwa fremu nene za zamani kuliko kwa hizi zinazouzwa kwa sifa hiyo.

Baada ya maada kuamuliwa, huja neno gumu zaidi, nalo ni lile la baiskeli ya kila namna. Wengi hulielewa kuwa ni katikati: kama shokapu za mbele zinauzwa zenye mwendo wa kuanzia milimita 100 hadi 170, mwendo maana yake umbali ambao shokapu inaweza kubonyea, basi ya 135 ndiyo ya wastani na ndiyo inayomfaa mtu wa kila njia. Kosa hili Aristotle alilijadili katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, aliposema kwamba fadhila hukaa katikati ya kuzidi na kupungua, kisha akaharakisha kubainisha kwamba katikati hiyo si ile ya hesabu. Ikiwa mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha kale cha uzito) ni nyingi na mina 2 ni chache, mwalimu wa mieleka hatampa kila mtu mina 6, kwa sababu kiasi hicho ni kidogo kwa Milo, yule mwanamieleka mashuhuri wa Croton, na ni kikubwa kwa anayeanza mazoezi leo. Katikati ni ya mtu, na haijulikani mpaka ijulikane ni mtu gani na anafanya nini.

Katika baiskeli ya shokapu moja hoja hii huonekana wazi kuliko kawaida, kwa sababu vipimo vyake havitulii. Pembe ya shingo, yaani mwinamo wa bomba la fremu linaloshika uma wa mbele, hutajwa na watengenezaji baiskeli ikiwa imesimama bila mtu, na leo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 64 na 66. Baiskeli yenye shokapu mbili ikikaliwa huzama mbele na nyuma kwa pamoja, na pembe yake haibadiliki sana. Yenye shokapu moja huzama mbele tu na kuinama kama mtu anayerukuu, na kila milimita 20 za kubonyea humaanisha karibu nyuzi 1 ya kusimama wima zaidi kwa shingo, jambo linalofanya usukani uwe mwepesi wa kugeuka na mteremko uonekane mkali zaidi. Shokapu ya milimita 140 ikishabonyea robo yake kwa uzito wa mwendeshaji peke yake, baiskeli iliyoandikwa nyuzi 65 tayari iko karibu na 67, na ikigonga jiwe kubwa hupita hapo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana shokapu ndefu, ambayo kwa mnunuzi huonekana kuwa nyongeza isiyo na gharama, katika baiskeli hii hulipiwa kwa pembe. Kwa anayepanda muda mrefu na kushuka kwa kiasi, milimita 120 zinaweza kuwa ndiyo katikati yake, na kwa mwingine anayekaa penye magenge, 140 au 150. Hakuna jedwali la vipimo linaloweza kulijua hilo kwa niaba yake, kwa kuwa jedwali linaijua baiskeli tu.

Tuchukulie sasa kwamba mnunuzi ameyapima haya yote kwa uaminifu, na zimebaki mbele yake fremu mbili: zote za chuma, zote za magurudumu ya inchi 29, bei zinakaribiana, moja ya nyuzi 65 na nyingine ya 65 na nusu. Hapa ndipo zinapoingia tende za Ghazali, mmoja wa wanazuoni wale tuliowataja mwanzoni. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, Ghazali alikuwa akiwajibu wanafalsafa waliosema kwamba ulimwengu hauwezi kuwa ulianza wakati fulani, kwa kuwa nyakati zote zilikuwa sawa mbele ya Mungu na hapakuwa na cha kuufanya wakati mmoja uchaguliwe. Akawaletea mtu mwenye hamu ya tende mbili zilizo mbele yake, zisizotofautiana kwa uzuri wala kwa ukaribu wala kwa wepesi wa kuzifikia, na anayeweza kuchukua moja tu. Ama atakaa akizitazama mpaka afe, ama atachukua moja, na kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayekaa, ni lazima pawe na nguvu ambayo kazi yake ni kupambanua kitu na mfano wake, na nguvu hiyo ndiyo utashi. Ulaya ya baadaye ilikuja kusimulia habari ya punda aliyekufa njaa kati ya mafungu mawili ya majani, ikamhusisha na mwanafalsafa Jean Buridan, ingawa punda huyo hapatikani katika maandishi yake yanayojulikana.

Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, hakukubaliana na Ghazali. Kwa maoni yake, mtu huyo hachagui kati ya tende na tende, bali kati ya kula na kutokula, na mkono wake ukishika yoyote kati ya hizo mbili, alichokikusudia kimetimia. Usawa wa tende haukuutaka utashi ufanye muujiza, kwa sababu sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ya tende yoyote, wala haikuwahi kuwa ya hii dhidi ya ile. Katika suala la kuumbwa kwa ulimwengu huenda Ghazali ana hoja nzito zaidi, na si mahali hapa pa kuwapatanisha, lakini katika suala la baiskeli ni vigumu kuona jinsi Ibn Rushd anavyoweza kukosolewa. Nusu nyuzi ya pembe ni tofauti ndogo kuliko ile inayoletwa na kuongeza upepo katika shokapu, na anayeendelea kuipima kwa wiki tatu hatumii akili zaidi ya aliyeacha, kwani akili yake imekwisha kumaliza kazi na yeye hajaiamini.

Tofauti moja, hata hivyo, haimo katika hesabu ya tende, nayo ni ukubwa wa fremu. Umbali wa mlalo kutoka kwenye ekseli ya pedeli hadi juu ya bomba la shingo ndio unaoamua mwili ukae vipi mwendeshaji anaposimama kwenye pedeli, na milimita 30 za kuzidi au kupungua huhisiwa na mabega kuanzia siku ya kwanza. Hili haliamuliwi kwa hoja. Huamuliwa kwa kupanda baiskeli yenyewe, au nyingine yenye vipimo hivyo.

Limebaki jambo la nia. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona Phoenix au Black Mamba ya chuma ikipandishwa kilima na magunia ya mkaa, anaweza kushangaa kusikia kwamba kwingineko fremu ya chuma imekuwa alama ya ladha teule, na kwamba bei ya baiskeli rahisi ya namna hii wakati mwingine huipita ile ya alumini yenye shokapu mbili. Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliandika kwamba ria, yaani kutenda ili uonekane na watu, huweza kujificha hata katika mavazi ya viraka ambayo mtu huyavaa ili asifiwe kwa kuipa dunia kisogo. Urahisi unaonunuliwa ghali si lazima uwe ria, kwa sababu mabomba mazuri yana gharama yake na mafundi wanaoyaunganisha wanastahili ujira, ila mnunuzi anayejitangazia kwamba ameridhika na kidogo angefanya vyema kuangalia kwanza risiti.

Mfano wa tende, kwa pande zote mbili za mjadala, umejengwa juu ya sharti moja, kwamba anayezitazama anazihitaji. Mwenye fremu ya mwaka 1995, yenye magurudumu ya inchi 26 na shingo ya nyuzi 71, ambaye shokapu yake imekufa na hapati nyingine kwa urahisi kwa kuwa nyingi za leo hutengenezwa na bomba la usukani lililotanuka chini, lisiloingia katika shingo ya zamani, anayo njaa ya kweli, na Ibn Rushd anamruhusu anyooshe mkono. Mwenye fremu ya miaka mitatu iliyopita yenye nyuzi 66, anayetamani ile ya 65, hajafika kwenye swali la utashi. Swali lake ni la kinaa, na Ghazali aliisifu kinaa katika Ihya ndani ya kitabu kile kile anamolaumu ubahili na kupenda mali.