Waliokutuma Wanasubiri Taarifa



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mdogo wangu mmoja anayesoma famasi mwaka wa pili alinivuta pembeni, pale nje kwenye kivuli cha mwarobaini. Upepo wa Septemba mnaujua, vumbi lilikuwa linatupiga machoni. Akaniuliza, "Kaka, kuna fomu ya kongamano la nje nimeiona. Niombe, au nitulie nisome kwanza? Nyumbani wanasema ni mambo ya kutembea tembea tu."

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, maana jibu lake ni refu na nusu yake linanitia aibu. Basi hili hapa, na wengine msome.

Kwanza tarehe zenyewe zinanisukuma. Tarehe 25 Septemba dunia inaadhimisha Siku ya Wafamasia. Siku inayofuata, tarehe 26, Kanisa linawakumbuka Watakatifu Kosma na Damiani, wasimamizi wa waganga na wa wafamasia. Mapokeo yanasema walikuwa ndugu mapacha, wakatibu watu katika jimbo la Kilikia bila kudai malipo, wakauawa kwa ajili ya imani wakati wa dhuluma ya Kaisari Dioklesiano. Kilikia ndiko alikozaliwa Mtume Paulo, kule Tarso. Kumbukeni hilo, nitarudi kwa Paulo.

Na Maandiko hayajaisahau kazi yetu. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anasema Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, kisha anamtaja hata yule anayezichanganya. (Wenzangu Waanglikana na Walutheri darasani nilipowaonyesha, wakatafuta kwenye Biblia zao wasikione kitabu. Tulicheka sana siku ile, na mmoja akaazima yangu.) Anasema pia kwamba kazi ya Mungu haina mwisho, na uzima utokao kwake unaenea duniani. Kwa hiyo mwanafunzi wa famasi wa Dodoma akitaka kujua wenzake wa Misri, Ghana au Ureno wanafanya nini, hajatoka nje ya wito wake hata hatua moja.

Vyama vyenyewe ni hivi. Hapa nchini tuna TAPSA, chama cha wanafunzi wa famasi Tanzania. Juu yake kuna IPSF, shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa famasi, lililoanzishwa London mwaka 1949. Hebu fikirini mwaka huo: vita vya pili vya dunia vina miaka minne tu tangu viishe, Ulaya bado ina vifusi, na wanafunzi wa mataifa yaliyotoka kuuana wanakaa meza moja kuongelea dawa. Mimi hilo peke yake linanitosha kuheshimu kitu hiki. Leo ofisi yao iko Den Haag, Uholanzi, Afrika ina kanda yake, kuna kongamano la dunia na la Afrika, na kuna mpango wa kubadilishana wanafunzi ambapo unaenda kujifunza kazini kwenye nchi ya mwenzako.

Lakini sehemu kubwa ya kazi haihitaji pasipoti. Kuna kampeni za kuelimisha wagonjwa. Kuna mashindano ya kuelezea dawa, unapewa mgonjwa wa kuigiza na unapimwa unavyoongea naye. Kuna kampeni ya kuchangia damu, vyama vya nchi mbalimbali vinashindana nani kakusanya watu wengi. Hiyo inaitwa Vampire Cup. Jamani, jina hilo! Tulipotaka kuipeleka jumuiya, mwenzangu akaanza kulitafsiri mbele ya wazee, nikamkanyaga mguu. Ukisema tu "mnyonya damu" Tanzania, watu wanasikia mumiani, na hapo huchangishi hata tone. Tukasema ni siku ya kuchangia damu, basi. Watu wakaja.

Sasa kuhusu mimi.

Nilipokuwa mwaka wa tatu nilikubaliwa kwenda kwenye kongamano la kanda katika nchi jirani. Nilikuwa nimeandika kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wakanipa nafasi ya kubandika bango langu na kulielezea. Furaha yangu msiniulize. Shida ikawa hela: ada ya kujiandikisha, nauli ya basi, chakula. Mama yangu anauza karanga na ubuyu, angetoa nini? Mwenyekiti wa Jumuiya yetu Ndogo Ndogo akasikia, akasimama siku ya Alhamisi baada ya kusali akasema, "Kijana wetu anatuwakilisha, tumsindikize." Wakachanga. Mmoja alitoa debe la karanga nikaliuze. Bibi mmoja, mjane, anayelea wajukuu watatu, akafungua fundo la khanga akatoa shilingi 2,000, imekunjwa ndogo kabisa. Akaniambia, "Mjukuu wangu, ukirudi uje utuambie."

Nikasema, "Ndiyo bibi, nitakuja."

Nikaenda. Bango langu lilisimama vizuri, niliongea Kiingereza changu cha kuungaunga na watu wakaelewa. Nilikutana na dada mmoja kutoka Sudan aliyenifundisha mengi kuliko muhula mzima. Jumamosi usiku kulikuwa na sherehe ya mataifa, kila nchi na vazi lake na ngoma yake. Tulicheza mpaka saa nane. Jumapili nikaamka saa sita mchana. Misa nikaikosa, na kanisa lilikuwa dakika kumi kwa mguu kutoka hosteli tuliyolala. Nilikuwa nimeliona siku ya kwanza na nikajiambia hapa nitasali. Nilishaungama hilo. Ninalitaja kwa sababu wewe unayekwenda nakushauri uulize saa za Misa siku unayofika, kabla hujaanza kuzoeana na watu. Ukisubiri Jumamosi usiku umechelewa.

Lakini siyo hilo lililoniuma zaidi.

Nilirudi Dodoma na picha mia mbili. Nikaziweka mtandaoni, nikabadilisha picha ya wasifu, watu wakanipongeza. Mwenyekiti aliniuliza mara mbili lini nitaongea na jumuiya. Nikasema nina mitihani. Baadaye nikasema nina mazoezi ya hospitalini. Miezi mitano ikapita. Yaani Alhamisi nilianza kuziepuka kabisa, maana nilijua nikifika nitaulizwa.

Siku niliyokwenda kwa yule bibi sikwenda kutoa taarifa, mama alinituma nimpelekee unga. Nikamkuta ukumbini na jirani yake ambaye mtoto wake alikuwa na kikohozi na mafua. Bibi akainuka, akatoa kopo la siagi chini ya kitanda, akalifungua. Ndani kulikuwa na vidonge vya kila namna. Kapsuli za amoksilini za rangi mbili, zimelegea, nyingine zimeshikana kwa joto. Vidonge vyeupe nusu nusu visivyo na jina. Akahesabu kapsuli nne akampa jirani, "Mpe huyu mtoto, mjukuu wangu zilimsaidia mwaka juzi. Akipata nafuu acha, zilizobaki unirudishie."

Nilisimama pale na mfuko wa unga mkononi.

Kila nilichokiandika kwenye bango langu kilikuwa kwenye lile kopo. Dozi isiyokamilika, dawa ya mtu mmoja kupewa mwingine, dawa ya bakteria kutumika kwa mafua ambayo kwa kawaida huletwa na virusi, dawa iliyokaa vibaya mpaka imepita muda wake. Nilikuwa nimeyasema yote hayo kwa Kiingereza, mbele ya watu wa nchi nyingi, kwa nauli ambayo sehemu yake ni ya huyu bibi. Na yeye hakuna mtu aliyemwambia. Miezi mitano nilikuwa naishi dakika kumi na tano kutoka kwenye hilo kopo.

Akanigeukia akitabasamu. "Eh, mjukuu wangu umerudi! Huko mlikokwenda mliongea nini?"

Hakuwa ananisuta. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Hapa ndipo narudi kwa Paulo. Tunapenda sana Matendo ya Mitume sura ya 13, pale Kanisa la Antiokia linafunga na kusali, linawawekea mikono Barnaba na Paulo na kuwatuma. Tunahubiriwa sana habari za kutumwa. Lakini safari ile haiishii kwenye kutumwa. Someni mwisho wa sura ya 14. Baada ya kupigwa mawe na kufukuzwa mji kwa mji, wanapanda merikebu wanarudi Antiokia kulekule, wanawakusanya waumini wote na kuwaeleza mambo Mungu aliyotenda pamoja nao. Kisha wanakaa na wale waumini muda mrefu. Paulo, mtu wa safari kuliko wote, alijua kwamba safari ina wenyewe. Hakuona kuwa kuketi chini na kusimulia kwa watu waliobaki nyumbani ni kazi ndogo.

Nilikaa kwenye kigoda. Kiswahili cha mambo yale sikuwa nacho, nakiri. Nilianza na maneno ya darasani, nikaona macho ya bibi yanahama. Nikaanza upya na shamba. Nikamwambia, bibi, ukipalilia nusu ya shamba la uwele ukaacha magugu yenye mizizi migumu, yatakayotoa mbegu ni yepi? Akasema, yale magumu. Nikasema, basi na vidudu vya ugonjwa ni hivyo. Dawa ikitumika ovyo ovyo wanabaki wale sugu na wanazaana, na siku mtoto akiugua kweli dawa haimsaidii. Akanyamaza kidogo. Akamwangalia jirani, akanyoosha mkono akazichukua zile kapsuli nne, akanipa mimi. Tukampeleka mtoto kituo cha afya. Ilikuwa mafua ya kawaida. Hakuandikiwa antibaiotiki, mama yake akaambiwa ampe vya kunywa kwa wingi na amrudishe haraka akianza kuhema kwa shida.

Njiani bibi akasema, "Kwa nini hukuja mapema?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda jumuiya. Picha sikuzionyesha. Nilisimama nikaomba radhi kwanza, halafu nikawaeleza kwa nusu saa, na maswali yakachukua saa nzima. Wiki iliyofuata watu kumi na moja walikuja na makopo yao, mifuko yao, hata soksi moja yenye vidonge. Tulivipeleka famasi, mfamasia mzoefu akatusaidia kuvipanga na kutuelekeza pa kuviteketeza, maana haviruhusiwi kutupwa shimoni wala kuchomwa kiholela nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu ni: omba. Jaza fomu leo. Ukikosa, jaza tena mwakani, mimi mwenyewe nilikataliwa mara moja. Kiingereza kisikutishe, wengi wanaokuja nacho ni cha kuungaunga kama chetu. Wa nyumbani usigombane nao, waonyeshe ratiba ya kongamano na umwombe paroko azungumze nao. Ila kabla hujakata tiketi, panga na mwenyekiti wa jumuiya yako tarehe ya kutoa taarifa, iandikwe kwenye daftari la jumuiya. Tarehe kamili. Usiseme "nikirudi" kama nilivyosema mimi.

Na tarehe 18 hadi 24 Novemba ni wiki ya dunia ya kuhamasisha kuhusu usugu wa dawa. Sisi wa jumuiya yetu tutapita nyumba kwa nyumba tena, jioni, baada ya vipindi. Yule bibi ameshaniambia atatangulia yeye kupiga hodi, kwa sababu wazee wa huku wanamsikiliza zaidi, na Kigogo changu, anasema, kinachekesha.

Watakatifu Kosma na Damiani, mtuombee.