Mungu Mmoja au Miungu Mingi: Tofauti Yake Nini?

Somo: 1 Wafalme 18:20–39



Wako watu wasemao, "Kuabudu Mungu mmoja au kuabudu miungu mingi, tofauti yake nini? Moshi wa sadaka zote hupanda juu." Waalimu wetu huulizwa neno hili katika mafundisho ya ubatizo, wala si vema kulijibu kwa hasira. Na tulipime.

Kwanza twakiri ya kwamba hesabu peke yake haimwokoi mtu. Yakobo atufundisha (2:19) kuwa hata pepo waijua hesabu hiyo, nayo haiwaletei ila hofu. Wazee wa Uchagani nao walimjua Ruwa aliye juu kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Machame mwaka 1893. Na kwa jina hilo Wakristo Wachaga humwita Mungu hata leo. Lakini mtoto alipougua, mara nyingi mbuzi alichinjwa kwa ajili ya mizimu ya ukoo. Mmoja alijulikana, wengine ndio walioogopwa.

Basi tuwatazame Israeli siku za mfalme Ahabu. Wengi wao hawakusema, "Bwana hayuko." Walijua ya kuwa ndiye aliyewatoa Misri. Lakini kwa habari ya mvua na mavuno walimwendea Baali, aliyesifiwa katika Kanaani kuwa mwenye mvua. Waliona ni busara, kila kazi na bwana wake. Eliya alipowauliza watasitasita hata lini, hawakumjibu neno. Twadhani walinyamaza kwa kuwa hawakujiona wamemwacha Mungu. Walijiona wameongeza tu.

Hapa ndipo ilipo tofauti. Mwenye miungu mingi huyagawanya maisha yake kama shamba la urithi: huyu apewe mvua, huyu ugonjwa, huyu vita. Taabu ikija, hana budi kukisia ni nani aliyekasirika. Na akiisha kumtuliza mmoja, humwogopa wa pili. Mungu wa kweli hagawi shamba. Mvua ni yake, mtoto mzima ni wake, na mtoto mgonjwa ni wake. Nasi tuliomjua katika Kristo hatukisii tena. Twajua twamwendea nani, na ya kuwa ni Baba.

Tena liko jambo la pili. Wakati wa njaa ile Bwana alimtuma Eliya mpaka Sarepta katika Sidoni, nchi ya watu wa Yezebeli, akamlisha huko mjane mgeni kwa unga na mafuta. Mungu wa kabila moja angalilisha kabila lake. Asemaye Mungu ni mmoja, kisha akamdharau mtu wa kabila lingine, amerudia miungu mingi bila kujua.

Dr. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha ya kuwa kitu ambacho moyo hukitegemea ndicho mungu wa mtu. Akaitaja mali kuwa sanamu iliyoenea kuliko zote. Jumapili twaungama Mungu mmoja. Je, siku nyingine? Mama akeshaye na mtoto mwenye homa, na jirani amnong'oneza habari za mpiga ramli: usiku ule ndipo imani yake hupimwa. Mwalimu asimngoje Jumapili amlaumu. Aende kwake usiku uleule, aombe pamoja naye, amsaidie kumpeleka mtoto hospitali. Maana dawa nayo ni karama ya Mungu yule yule. Hivyo mama ataona kwa macho yake ya kuwa Mungu mmoja amtosha.

Bwana aiunganishe mioyo yetu iliyogawanyika, ili siku ya mvua na siku ya ukame tumkiri yeye peke yake. Amina.