Masihara ya Mabinti wa Kapkatet

Tungo za taadhima zilizowahi kutungwa katika nchi yetu hii ya chai, za kuwalaki magavana na kuwasifu wakubwa waliokuja kufungua viwanda, aghlabu zimekwisha kusahauliwa na hata waliozitunga, ilhali wimbo wa kundi la mabinti waliokuwa wakifanya masihara tu kijijini Kapkatet, mwaka 1950, ungali unasikika hata leo. Mwaka huo Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kunasa sauti, alifika kwa Wakipsigis, na miongoni mwa nyimbo alizozinasa zilikuwamo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Nayo ile ya tatu, aliyoiimba Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenziwe, ikifuatwa na kinubi kiitwacho chepkong, ndiyo iliyovuka bahari.

Huyo Chemirocha si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933 pasipo kuiona Kericho, lakini ambaye santuri zake zilifika huku na kupigwa kwenye gramafoni. Mabinti wale, maadamu waliisikia sauti na wasiuone mwili, walimtungia mwili wao wenyewe, nusu mtu na nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, kisha wakamsihi acheze ule mchezo wa kuruka ujulikanao na kila Mkipsigis, tena aruke kwa bidii hata achomoke ndani ya nguo zake.

Tangu hapo wageni wameihadithia hikaya hii kwa mshangao, wengine wakidai kwamba Wakipsigis walimgeuza Rodgers kuwa mungu wao. Hasha! Ni nani amwombaye mungu wake avuliwe nguo kwa kuruka mbele ya wasichana? Aliyelelewa katika vilima vya Litein, Sotik au Bomet aujua ulimi wa mabinti wa huku, kwamba mgeni akija na suruali iliyombana au mwendo wa madaha, wimbo wake huwa tayari kabla ugali haujaiva. Mimi naona Rodgers alitaniwa kama alivyotaniwa kila mgeni, wala hapana heshima kubwa kuliko hiyo. Ni ajabu jinsi watu waliosoma sana wanavyoweza kuukosa mzaha uliowekwa mbele ya macho yao.

Mwaka 2014 nakala za nyimbo hizo, zilizohifadhiwa katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliiasisi mwaka 1954 huko Afrika Kusini, zilirudishwa Kapkatet. Yamkini hakuna faili la serikali litakaloweza kutueleza, kama wimbo ule utuelezavyo, namna vijana wa huku walivyoipokea dunia iliyokuwa ikiwajia kwa kishindo: hawakuiogopa wala hawakuisujudia, bali waliicheka.

Na ucheshi huo haukwisha. Katika mashamba ya chai, ambako Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya huchuma bega kwa bega na Kiswahili kikawa lugha ya wote, nimesikia tungo za papo hapo juu ya mizani ya karani isiyowahi kukosea kwa faida ya mchumaji, juu ya mvua ya mawe ya alasiri, ambayo ni sehemu chache duniani ziipatazo kama Kericho, na juu ya mume anayepotelea mjini siku ya bonasi kisha akarudi na mwavuli mpya na hadithi ndefu. Tungo hizo huzaliwa kati ya majani mawili na kichipukizi, zikafa jua linapotua. Siku hizi mashine za kuchumia zimeingia, zile ambazo baadhi yake zilichomwa moto na wenye hasira huko Kericho mwezi Mei 2023. Ugomvi wa ajira nawaachia wanaouelewa kunishinda, ila najua kwamba penye ngurumo ya injini mtu hamsikii mwenziwe akitunga.

Kwa hiyo nawasihi wahariri wa kurasa za mashairi wazipe nafasi tungo za wachumaji, hata zisizotimiza mizani ya arudhi. Na wewe msomaji, ukiwa na bibi aliyewahi kubeba kikapu cha majani mgongoni, mwombe akuimbie walivyomcheka nyapara wao, nawe uuandike wimbo huo na jina lake chini, kama Tracey alivyoliandika la Chemutoi.